Uganda: Uvimbe wa Taya na Dawa Iliyotoka Bukini

Jina la Uganda limo katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima kwa sababu ambayo wananchi wa nchi hiyo wasingeichagua. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto mwanamume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Baada ya muda mfupi, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mmoja angeweza kuwa bahati mbaya, lakini wawili walimfanya aanze kupekua mafaili ya hospitali. Mwaka 1958 akaandika habari za saratani hiyo, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Mengi yamefahamika tangu wakati huo. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kuwa maradhi hayo hupatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, yaani mle mle mwenye malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London waliona kirusi katika chembe za uvimbe uliopelekwa kwao kutoka Uganda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kirusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwa hiyo mtoto wa Jinja, wa Kisumu au wa Mwanza anaishi katika ukanda mmoja wa hatari, na mpaka wa nchi hauna maana yoyote katika jambo hili.

Kinachotisha zaidi katika saratani hiyo ni mwendo wake. Chembe zake hugawanyika kwa kasi isiyo na mfano, hata uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama aliyeona jino la mwanawe likilegea wiki iliyopita anaweza, wiki hii, kumkuta hawezi kufumba kinywa.

Sasa, dawa mojawapo iliyotegemewa tangu mwanzo dhidi ya maradhi hayo ilitoka katika mmea wa nchi nyingine iliyo ng'ambo ya bahari, Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Ni ua dogo la rangi ya waridi au jeupe. Limeenea katika nchi zote za joto, na katika miji ya pwani huonekana uani mwa nyumba nyingi bila mtu kulijali. Mwaka 1952 majani yake yalifika Kanada, si kutoka Bukini bali kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kunywa wakiamini yanatibu kisukari. Robert Noble na, baadaye, mwanakemia Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka hata kidogo. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, nao wakawa na busara ya kukishika kile walichokiona badala ya kukililia kile walichokitafuta. Mwaka 1958 walitangaza dawa ya vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, ilitengenezwa Marekani kutokana na mmea huo huo na kuruhusiwa kutumika mwaka 1963. Mwaka 1966 Burkitt mwenyewe aliandika jinsi wagonjwa wake walivyoipokea.

Lakini dawa hiyo ilifanya nini hasa ndani ya mwili? Jibu lilihitaji wataalamu wa biokemia, na lilianzia mbali na hospitali.

Kila chembe hai inapotaka kugawanyika huwa imekwisha kuandaa nakala mbili za urithi wake. Nakala hizo hazina budi kutenganishwa kwa uangalifu, moja iende upande huu, nyingine upande ule. Kazi hiyo hufanywa na mirija midogo mno, yenye upana wa nanomita 25, inayotanda kutoka pande mbili za chembe kama kamba za wavuvi wanaovuta juya. Mirija hiyo hujengwa kwa vipande vya protini vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na huweza kubomolewa na kujengwa upya kwa muda mfupi.

Protini yenyewe ilinaswa katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1967. Watafiti Gary Borisy na Edwin Taylor walichukua kolkisini, sumu ya mmea wa Ulaya iliyojulikana zamani kuwa huzuia chembe kugawanyika, wakaitia alama ya mnururisho ili waweze kuifuata kila inakokwenda. Wakakuta inang'ang'ania protini moja tu. Mwaka 1968 Mjapani Hideo Mohri akaipa protini hiyo jina la tubulini. Ikaja kufahamika kwamba vinkristini nayo huishika tubulini, ingawa katika sehemu nyingine. Kipande kilichoshikwa hakiwezi kupangwa vizuri na vingine. Kamba hazitandi, nakala za urithi hazitenganishwi, na chembe iliyokwama katikati ya kugawanyika hatimaye hufa.

Watafiti wa Chicago walipambana na fumbo moja. Protini hiyo waliikuta kwa wingi katika ubongo, ambao chembe zake nyingi hazigawanyiki kabisa. Ufumbuzi wake ni kwamba neva nazo zimejaa mirija hiyo hiyo, na huitumia kama reli ya kusafirishia mahitaji yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mtoto anayetibiwa kwa vinkristini huweza kupata ganzi ya vidole, au kushindwa kuinua mguu vizuri, au kufunga choo. Hapo pia ndipo inapoeleweka kwa nini dawa hiyo hudungwa katika mshipa wa damu tu. Ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo huua, na makosa hayo yamekwisha kutokea katika hospitali za nchi tajiri zenye kila kitu.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa tubulini imo katika chembe zote, dawa inachaguaje? Kwa kweli haichagui sana. Huikamata zaidi chembe iliyo katika kazi ya kugawanyika, na katika saratani ya Burkitt karibu chembe zote zimo katika kazi hiyo. Kasi ile inayoua ndiyo inayoufanya uvimbe huo uyeyuke upesi ukipewa dawa. Saratani za watu wazima zinazokua polepole hazina udhaifu huo kwa kiasi hicho. Mwaka ule ule wa 1967, pasipo Chicago na Kampala kuwa na habari za wenzao, kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu maradhi hayo kwa ushirikiano na Marekani. Huko madaktari walijifunza kuchanganya dawa zinazoshambulia kwa njia mbalimbali, vinkristini ikiwemo. Wamarekani walipoondoka enzi ya Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliendelea na kazi. Kituo hicho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Ujuzi wa tubulini umeingia pia katika nyumba ambazo hazijawahi kuona saratani. Vidonge vya albendazo na mebendazo wanavyopewa wanafunzi shuleni hushika tubulini ya minyoo. Ya minyoo imetofautiana na ya binadamu kiasi cha kutosha dawa imdhuru mnyoo na kumwacha mtoto salama.

Kuhusu Bukini, malalamiko yamekuwapo kwa miaka mingi kwamba nchi iliyozaa mmea huo haikupata chochote cha maana katika faida ya dawa. Malalamiko hayo yana haki, ingawa majani ya kwanza yalitoka Jamaika na mmea ulikwisha kuenea duniani kabla ya sheria yoyote ya kulinda mali ya namna hiyo. Mkataba wa dunia juu ya jambo hilo ulikuja mwaka 1992, ukiwa umechelewa miongo mitatu. Kusini mwa kisiwa hicho wananchi wamekuwa wakichuma na kuuza mmea huo, na hutakiwa mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu moja ya dawa. Mwaka 2019 vinkristini iliadimika hata Marekani. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walifanikiwa kuifanya hamira itengeneze viungo viwili ambavyo vikiunganishwa hutoa vinblastini. Hamira hiyo ikifika viwandani, hospitali zitanufaika, na mchumaji wa Bukini atahitaji zao lingine.

Hata hivyo, kinachowapoteza watoto wengi wa Uganda leo si ukosefu wa ujuzi. Katika nchi tajiri, karibu watoto tisa kati ya kumi wenye saratani hii hupona. Katika sehemu kubwa ya Afrika, wanaopona ni nusu au pungufu. Wengine huanza kwa kung'olewa jino, wengine kwa mganga, wengine hutibiwa malaria mara mbili tatu, na kila hatua hula siku ambazo uvimbe huo hauna desturi ya kuzisamehe. Wengine huanza matibabu, wakaona uvimbe umekwisha baada ya dozi ya kwanza, wakarudi nyumbani kulima, hali chembe chache zilizobaki zinaendelea na kazi yake. Taasisi ya Kampala imefungua tawi Mbarara, na Hospitali ya Lacor iliyopo Gulu imewatibu watoto wa kaskazini kwa miaka mingi. Mzazi wa Kitgum hana lazima ya kutafuta nauli ya kufika Mulago. Akiona taya la mwanawe limevimba na meno yanalegea bila kuoza, njia yake ni ya Gulu, tena wiki hiyo hiyo.