Mnyororo au Shafti: Kijue Chombo Kinachokulisha

Hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa waendeshaji wa bodaboda na tuktuk za mizigo wa Thika na Ruiru

Nawashukuru viongozi wa vituo vya Makongeni, Kiganjo, Ngoingwa, Kimbo na Kihunguro kwa kuacha kazi asubuhi hii mkaja kunisikiliza. Najua kila saa mliyo hapa ni pesa, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwa jambo lililotuleta.

Vijana wanaotaka kuchukua mkopo huniuliza swali moja sana: ninunue pikipiki ya mnyororo, au tuktuk ya mizigo yenye shafti? Wengine huongeza, “Nimesikia shafti haina kazi, ukinunua umemaliza.” Nitajibu swali hilo, na nitaiondoa hiyo imani, kwa maana inawatia watu hasara.

Tuanze na kazi yenyewe. Nguvu inatoka kwenye injini, na gurudumu linaloihitaji liko nyuma. Kwenye bodaboda, nguvu inasafiri kwa mnyororo kutoka sproketi ndogo ya mbele hadi sproketi kubwa ya nyuma. Kwenye tuktuk ya abiria, injini iko nyuma, na shafti mbili fupi huzungusha magurudumu mawili. Kwenye tuktuk ya mizigo, ile yenye usukani wa pikipiki, shafti ndefu hupita chini ya chombo hadi kwenye difu, na difu hugawa nguvu kwa magurudumu yote mawili. Ukikata kona, difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje kuzunguka zaidi kuliko la ndani.

Mnyororo una sifa zake. Ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na ukiwa safi hupoteza nguvu kidogo sana njiani. Ukikatika, fundi yeyote kando ya barabara anaweza kuubadilisha kwa spana chache. Kasoro yake ni kwamba uko wazi. Vumbi la Januari linauingia, tope la mvua ya Machi hadi Mei linauingia, na vyote viwili huutafuna.

Shafti imefungwa ndani ya chuma, na meno ya difu yanazunguka ndani ya oili. Haihitaji kukazwa kila wiki na inavumilia mzigo mzito. Lakini ni nzito, ni ghali, na ikiharibika hutengenezi kando ya barabara. Unavutwa hadi gereji, difu inafunguliwa, na chombo kinalala huko huku mkopo ukiendelea kuhesabu siku.

Huu si mjadala mpya. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitengeneza pikipiki ya shafti, R32, mwaka wa 1923, na bado pikipiki nyingi duniani zinatumia mnyororo hadi leo. Hata pikipiki za magurudumu manne zinazotumiwa mashambani ng’ambo zimegawanyika hivyo hivyo: nyingi za mashindano zina mnyororo kwa sababu ya wepesi, na nyingi za kubeba mizigo shambani zina shafti. Kila moja imepewa kazi inayoiweza.

Kwa hivyo jibu langu kwa anayetaka mkopo ni hili. Kama kazi yako ni abiria mmoja na vifurushi, kutoka steji hadi mitaani, mnyororo unakutosha. Kama kazi yako ni magunia ya viazi, mitungi ya maji, mawe au saruji, usiilazimishe pikipiki. Tafuta chombo cha magurudumu matatu chenye difu. Na ukiona pikipiki ya umeme, uliza kabla ya kulipa: zipo zinazotumia mnyororo, na zipo ambazo mota iko ndani ya gurudumu lenyewe. Matunzo yake hayafanani.

Sasa nije kwenye matunzo, na naomba mliweke neno hili akilini: mnyororo hulalamika mapema, shafti huugua kimya kimya.

Mnyororo ukilegea utausikia ukigonga. Ukikauka utaimba. Basi mwenye mnyororo afanye mambo manne. Kwanza, aukague kila asubuhi. Kwa pikipiki nyingi, sehemu ya chini ya mnyororo inafaa kucheza juu na chini sentimita 2 hadi 3; kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Uliolegea unaweza kuruka meno, na uliokazwa kupita kiasi unaua beringi.

Pili, ausafishe kwa mafuta ya taa na brashi, aufute, kisha aupake oili safi ya gia, kila baada ya kilomita 500 au kila baada ya mvua kubwa. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, hizo kilomita 500 ni siku 5. Msitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa injini. Ina chembe za chuma, na ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa.

Tatu, aupime. Bodaboda nyingi zina mnyororo ulioandikwa 428. Uvute unyooke, uhesabu pini 21, kisha upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Mpya ni milimita 254. Ukifika milimita 259, umekwisha. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyochakaa huumaliza mnyororo mpya haraka.

Nne, aangalie klipu ya kiungo. Upande uliofungwa ndio unaotangulia mnyororo unapokwenda. Ule wenye mwanya ubaki nyuma. Klipu iliyogeuzwa inaweza kung’oka, na mnyororo ukifunga gurudumu la nyuma mkiwa kwenye mwendo, hamtaanguka vizuri.

Mwenye shafti naye asilale. Akague kiwango cha oili ya difu na aibadilishe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu. Apake grisi kwenye viungo vya shafti. Akiona oili imevujia kwenye rimu, asingoje Jumamosi. Akipita kwenye maji yaliyofunika difu, afungue akague: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kishindo unapobadilisha gia au mtetemo chini ya kiti ni shafti inayoomba msaada kwa mara ya mwisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa difu ni ghali.

Jambo langu la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kava ya mnyororo. Natazama pikipiki zilizoegeshwa hapo nje, na nyingi hazina. Mnaitoa kwa sababu inapiga kelele, au kwa sababu inasumbua wakati wa kupaka oili. Lakini nyuma yako anaketi mama aliyejifunga leso, mwanafunzi aliyefunga sweta kiunoni, mama mwingine aliyembeba mtoto kwa shuka. Pindo likiingia kati ya mnyororo na sproketi, linavutwa kabla hujagusa breki, na mwenye nguo anavutwa nalo. Watu wamevunjika miguu hivyo, na wengine wamepoteza maisha.

Kinga yake ipo na ni rahisi. Yamaha AG100, ambayo katika nchi nyingi za Afrika imewabeba maafisa wa kilimo na mifugo, ina mnyororo uliofunikwa wote. Honda Super Cub ilikuwa na mnyororo uliofunikwa tangu mwaka wa 1958. Yako ilikuja na kava ya juu; irudishe. Ikiwa inagonga, fundi aikaze. Kabla ya kuondoka, mwambie abiria, “Mama, kusanya leso, uikalie.” Maneno hayo hayagharimu kitu. Na usisafishe mnyororo injini ikinguruma. Vidole havioti tena.

Sheria ya Trafiki inakutaka ubebe abiria mmoja tu, na wewe naye mvae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Abiria wa pili hamkalishi kwenye kiti peke yake. Mnamkalisha pia kwenye mnyororo.

Nawaomba viongozi wa vituo wafanye jambo moja kuanzia Jumatatu. Kila kituo kiwe na rula, brashi, chupa ya mafuta ya taa na chupa ya oili safi, vinunuliwe kwa mchango wa chama. Na pikipiki isiyo na kava isiingie kwenye foleni ya abiria hadi irudishiwe. Hamhitaji askari wa kuwalazimisha. Foleni ni yenu na abiria ni jirani zenu.

Sasa leteni pikipiki moja hapa mbele, tuupime mnyororo wake pamoja.