Mali Bila Daftari: Hotuba juu ya Mikarafuu na Vyama vya Wakulima

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, karani, mbele ya mkutano wa wanachama, Mji Mkongwe, Unguja)



Nimeombwa niseme juu ya ukulima wa karafuu na vyama vya wakulima wake. Pengine mmoja wenu anauliza moyoni, "Sisi watu wa kalamu tuna nini na mikarafuu?" Jawabu lake si gumu. Ni wachache humu wasio na mzee, shangazi au mjomba mwenye miti yake huko Dole, Kizimbani au Pemba. Tena kazi inayovishinda vyama vya wakulima mara nyingi ndiyo kazi yetu sisi, yaani kuandika na kuhesabu.

Mkarafuu si mwenyeji wa kisiwa hiki. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao uliletwa huku mwanzoni mwa karne ya 19, ukapandwa Mtoni na Kizimbani, kisha Seyyid Said akauhimiza hata ukaenea. Mwezi wa Aprili 1872 tufani ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu siku zile Pemba ndiyo yenye zao kubwa.

Sasa fikirini tabia ya mti huu. Hungoja kiasi cha miaka sita hata minane ndipo uanze kuzaa vema. Ukizaa, vikonyo havingoji: visipochumwa kabla ya ua kufunguka, thamani yake hupotea. Basi kwa muda mfupi mwenye shamba hutakiwa kuwalipa wachumaji kwa pishi, kuchambua karafuu na makonyo, kuanika juani, na kukusanya upesi mvua inyeshapo. Fedha zote hizo hutoka kabla hajapokea hata senti moja. Asiye na akiba hukopa, na mkopeshaji hupanga bei yake zao likali mtini. Hivyo ndivyo mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalivyotiwa rehani zamani.

Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichojulikana kwa herufi zake CGA, ili kimpatie mkulima mkopo na ghala na soko. Mwaka 1934 sheria ikakiongezea nguvu, na mwaka 1937 kikapewa mamlaka makubwa juu ya biashara yenyewe. Wafanya biashara wa Kihindi wakagoma, na huko Uhindi watu wakasusia karafuu za Zanzibar, mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Katika ugomvi ule mkulima alitajwa sana, walakini hakuulizwa sana. Chama kilikuwa na jina lake, bali usukani ulikuwa mikononi mwa maofisa wa serikali.

Tulinganishe na jirani zetu wa Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa kule walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa kile cha KNCU. Kule kila mtaa ulikuwa na chama chake kidogo. Mkulima alipeleka kahawa yake ikapimwa mbele ya macho yake, akapewa stakabadhi na malipo ya kwanza, na baada ya mauzo akapata yaliyosalia. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vya Bara, na KNCU nacho kikaenda. Walakini mwaka 1984 kilirudishwa. Kitu ambacho watu wamekizoea kuwa chao hakisahauliki upesi.

Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa shirika la ZSTC, ambalo likawa mnunuzi wa karafuu. Bei ilipokuwa duni, karafuu nyingi zilivuka bahari kwa magendo mpaka Mombasa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya mkulima sana, na shabaha iliyotangazwa ilikuwa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia.

Hapo ndipo wengine husema, "Mnunuzi akiwa mmoja, chama cha wakulima kina faida gani?" Mimi naona faida yake huzidi. Bei hutangazwa kwa daraja. Karafuu safi na kavu ni mbali na karafuu iliyovundikwa ikapauka. Mkulima mmoja akiambiwa mzigo wake ni wa daraja la chini, atabishana na nani? Lakini chama chenye mizani yake, majamvi yake na daftari lake kitasema, "Mzigo huu tuliupima sisi jana, uzito wake ni huu." Chama hicho chaweza pia kuweka akiba ya kuwalipa wachumaji, na kuotesha miche ya kujazia palipokufa miti ya wazee.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vingi havifi kwa kukosa karafuu. Hufa siku wanachama wanapouliza fedha ziko wapi na hakuna karatasi ya kuwajibu.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. Kwanza, kila mmoja wetu awafundishe jamaa zake wa shamba kusoma mizani na kutunza stakabadhi. Pili, wenye nafasi siku za mapumziko wajitolee kukagua hesabu za chama kimoja cha wakulima, bila ujira. Tatu, hesabu hizo zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, kwa Kiswahili chepesi, hata bibi asiyejua herufi aelewe zake ni ngapi.

Nami natoa tahadhari moja. Karani akiingia katika chama cha wakulima, asijigeuze mwenye chama. Tumeona zamani ilivyokuwa wasiopanda miti waliposhika usukani. Kazi yetu iwe kuandika. Kuamua ni kwao walioipanda miti na kuingoja.

Bwana Mwenyekiti, mashauri yangu ndiyo hayo, nayaweka mbele ya mkutano yajadiliwe.