KUUNDA CHOMBO CHA NYUMBA MOROGORO: APATAJE MPANGAJI WA CHUMBA?

(Maandishi ya mazungumzo kwa viongozi wa vyama wanachama)



Katika hesabu ya mwaka 1967 mji wa Morogoro ulikuwa na watu 25,262. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ina watu 471,409. Kusini mji umezuiwa na milima ya Uluguru, kwa hiyo wingi huo umeelekea Kihonda na kwingineko, na wengine wamejibana katika vyumba vya mitaa ya zamani. Ndiyo maana wazo la kuwa na chombo cha umma cha nyumba, kilicho chini ya wenyeji wenyewe, linastahili kufikiriwa kwa makini. Lakini kabla ya kuunda chombo kipya ni busara kutazama vile vilivyotangulia.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962. Shabaha yake ya mwanzo ilikuwa njema: kuondoa vibanda vibovu mijini na kujenga nyumba bora mahali pake. Kazi hiyo ilifanyika zaidi Dar es Salaam, katika maeneo kama Magomeni. Hata hivyo upungufu ulijitokeza mapema. Nyumba moja ikivunjwa na moja ikajengwa, mji haukupata nyumba ya ziada. Fedha zimetumika, na hesabu ya nyumba imebaki ile ile. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 utaratibu huo uliachwa.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Nyumba ya Kiswahili huwa na ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja, na vingine hupangisha. Nyumba hiyo ikivunjwa, anayelipwa fidia ni mwenye nyumba. Mpangaji, ambaye huenda ni mchuuzi wa mboga kutoka Mgeta au kibarua wa kiwandani, hubeba godoro lake na kwenda kutafuta chumba kingine kilicho mbali zaidi na ghali zaidi. Mpango ulioandikwa kwa jina la mnyonge humfukuza mnyonge.

Katika miaka ya 1970 Serikali ilibadili njia. Badala ya kuvunja, ilipima viwanja, ikaingiza barabara na maji, na wananchi wakajijengea wenyewe. Awamu ya kwanza ilianza mwaka 1974 katika miji ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, iliufikia na mji wa Morogoro. Benki ya Nyumba ilikuwapo kutoa mikopo. Njia hii ilikuwa bora, ila nayo ilikuwa na mwanya: baadhi ya waliogawiwa viwanja hawakuweza kujenga, wakawauzia wenye uwezo. Benki nayo ililemewa na mikopo isiyorudishwa, ikafungwa mwaka 1995.

Uluguru yenyewe inalo somo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Jasho lilikuwa la mkulima, uamuzi ulikuwa wa wakubwa, na ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya ukoo, ikifuata upande wa mama. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliyakataa, ghasia zikatokea, na mpango ukavunjika. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo la maana. Kilichouangusha mpango ni shuruti. Atakayepima viwanja Bigwa au Kilakala bila kukaa kikao na wenye ardhi atakuwa analirudia kosa la watu wa matuta.

Kwa hiyo chombo cha nyumba cha Morogoro kijengwe juu ya misingi minne.

Kwanza, kiwe cha Halmashauri, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayopanga mji. Lakini wajumbe wa vyama vya ushirika wakae katika bodi yake, na wapangaji wawe na viti vyao.

Pili, nyumba isivunjwe mpaka kila anayelala ndani yake, mwenye nyumba na mpangaji, ameandikwa jina na kuonyeshwa mahali pa kuhamia. Orodha hiyo isomwe hadharani mtaani.

Tatu, kodi itoshe matengenezo. Kodi iliyo chini mno hufurahisha mwaka wa kwanza. Baada ya miaka kumi paa huvuja, na hakuna fungu la bati. Asiyeweza kulipa asaidiwe kwa fungu lililo wazi, lisilochotwa katika fedha za matengenezo.

Nne, ujenzi usiimalize milima. Tofali la kuchoma hula kuni, na misitu ya Uluguru ndiyo chanzo cha mto Morogoro na cha mito inayoujaza Ruvu. Matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, hayahitaji tanuri.

Vyama vya msingi visingoje chombo hicho kizaliwe. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaruhusu ushirika wa nyumba, na chama chenye akiba na daftari safi kitakwenda mbele ya Halmashauri kikiwa na neno la kusikilizwa. Kila chama kianze kwa kuhesabu wanachama wake wanaoishi katika vyumba vya kupanga.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Siku chombo hicho kitakapozindua nyumba zake za kwanza, wanaushirika wasitazame rangi ya kuta. Waulize: yule aliyekuwa akilala hapa zamani, usiku wa leo analala wapi?