Saa za Mikono Nazo Ziandikwe Daftarini

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika mikutano ya vikundi vya ususi na ufumaji huulizwa swali moja ambalo haliwezi tena kuahirishwa. Msusi anasikia kwamba kikapu alichokiuza kwa bei ya chini mlangoni pake huuzwa kwa bei iliyozidi mara kadhaa katika miji ya Ulaya na Marekani. Anayo simu yenye kupiga picha. Anajua kwamba yapo masoko ya intaneti ambamo mtu yeyote aweza kufungua duka dogo bila kujenga ukuta wala kukodi chumba. Basi anauliza: kwa nini asiuze mwenyewe?

Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa kukemea wala kwa kushangilia. Hujibiwa kwa hesabu. Nayo hesabu hiyo imekwisha kufanywa na watu waliotangulia katika biashara hii, yaani mafundi wa majumbani wa Marekani. Yafaa kuwatazama katika majira yao magumu kuliko yote, kwani chombo hupimwa siku ya mawimbi.

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani mwaka una majira manne. Kati ya Septemba na Novemba huja majira ya mapukutiko. Siku hufupika, baridi huanza kuuma, na majani ya miti hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha huanguka. Mwenye bustani nyuma ya nyumba yake ana mpaka mmoja asioweza kuusogeza, nao ni usiku wa kwanza wa jalidi. Nyanya na maharage yaliyoachwa nje usiku huo huharibika. Kwa hiyo hana budi kuvuna kila kilichokomaa, kuyaweka maboga mahali pakavu, na kukusanya majani yaliyoanguka yawe mboji. Vitunguu saumu navyo hupandwa mwezi Oktoba, vipate kutoa mizizi kabla ardhi haijaganda, ili vivunwe katikati ya mwaka unaofuata.

Jikoni nako hakuna nafasi ya kupumzika. Matofaa huchemshwa na sukari yakawa rojo la kuliwa wakati wa baridi. Maboga hupikwa supu. Matango hutiwa siki yakawa achari. Vyakula hivi hufungwa katika chupa za kioo zenye mdomo mpana, za namna ile ambayo John Mason aliipatia hataza mwaka 1858. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Chakula chenye ukali, kama matofaa na achari ya siki, huhifadhika kwa kuchemshwa chupa ndani ya maji. Nyanya huongezwa kwanza maji ya limau. Lakini maharage mabichi na nyama havina ukali huo, navyo hutaka sufuria ya mvuke wa shinikizo, kwa sababu sumu ya botulini yaweza kuzaliwa ndani ya chupa, bila harufu wala rangi ya kumwonya mlaji, nayo huua. Mtu mwenye haraka hafai kuishika kazi hii.

Sasa juu ya bustani na jiko liongezwe duka. Mwaka 2005, huko Brooklyn katika jiji la New York, ilianzishwa kampuni iitwayo Etsy, ambayo ni soko la intaneti la vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Fundi hupiga picha ya skafu au kikapu chake, huandika maelezo na bei, na mnunuzi aliye mbali hulipa na kungoja kifurushi cha posta. Biashara hiyo hupamba moto katika majuma yale yale ya mapukutiko, kwa kuwa ndipo watu wanapotafuta nguo za baridi na zawadi za Krismasi.

Hapo ndipo penye mtego. Ichukuliwe mfano wa mama mmoja mwenye bustani, jiko na duka. Oda zinaingia kumi kwa juma, naye anafuma hadi usiku wa manane. Matofaa yanaoza chini ya mti. Jalidi linazikuta nyanya bustanini. Vitunguu saumu havikupandwa. Ifikapo Januari familia inanunua kwa fedha taslimu kile ambacho bustani ilikwisha kukitoa. Daftari la duka linaonyesha mauzo mazuri. Daftari la jiko halipo, kwa hiyo hasara yake haionekani, na mama huyo anashangaa kwa nini ameuza sana na bado hana kitu.

Ndugu Makatibu, hesabu yake ifanywe hapa kwa uwazi, kwa mfano na kwa viwango vya ada vinavyojulikana. Skafu moja ya sufu inauzwa dola 40, na mnunuzi anaongeza dola 6 za posta. Jumla iliyoingia ni dola 46. Kuiweka bidhaa sokoni ni senti 20. Ada ya mauzo ni asilimia 6.5 ya jumla hiyo, yaani dola 2.99. Ada ya kupokea malipo ni asilimia 3 pamoja na senti 25, yaani dola 1.63. Ada zote ni dola 4.82. Posta inachukua dola zake 6. Sufu iligharimu dola 12 na mfuko wa kufungia dola 1. Kilichobaki ni dola 22.18.

Wengi huishia hapo na kusema wamepata faida. Lakini skafu hiyo ilifumwa kwa saa 8, na kupiga picha, kujibu barua za mnunuzi na kwenda posta kulichukua saa 1. Dola 22.18 zikigawanywa kwa saa 9 ni dola 2.46 kwa saa. Kiwango cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ya Marekani, kilichowekwa mwaka 2009, ni dola 7.25 kwa saa. Maana yake ni kwamba mama huyo amejiajiri kwa theluthi moja tu ya mshahara ambao mwajiri mwingine akimlipa pungufu yake angeshtakiwa. Ili ajilipe kiwango hicho cha chini, skafu ile ingepaswa kuuzwa kwa dola 88.

Wapo wasemao kwamba saa za jioni hazina bei, kwani mtu angekaa bure. Hoja hiyo isipokewe upesi. Afumaye kwa kujiburudisha na atoe zawadi, naye atashukuriwa. Lakini akiipeleka kazi hiyo sokoni kwa bei isiyohesabu saa zake, anaiangusha bei ya jirani yake ambaye hana riziki nyingine. Ushindani wa namna hiyo hauna mshindi miongoni mwa wafumaji.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Soko lile si mali ya wafumaji. Mwaka 2015 kampuni yenyewe iliingia katika soko la hisa, na tangu hapo ilikuwa na wenye hisa wa kuridhishwa. Ada ya mauzo ilikuwa asilimia 3.5. Mwaka 2018 ikapandishwa kuwa asilimia 5, na ikaanza kutozwa hata juu ya fedha ya posta. Mwaka 2020 ukaanzishwa utaratibu wa matangazo ya nje ya soko: mnunuzi akija kwa njia ya tangazo hilo, muuzaji mdogo hukatwa asilimia 15 ya mauzo, na aliyekwisha kuuza zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka hukatwa asilimia 12 wala hana ruhusa ya kukataa. Skafu ya mfano ikiuzwa kwa njia hiyo na muuzaji mdogo, zinaondoka dola 6.90 nyingine, na saa moja ya mfumaji inabaki na thamani ya dola 1.70. Mwezi Aprili mwaka 2022 ada ya mauzo ikapanda tena kuwa asilimia 6.5.

Mwezi huo huo wauzaji walichoka. Kuanzia tarehe 11 hadi 18 Aprili 2022 maelfu yao waliyafunga maduka yao kwa juma zima, na makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kupinga nyongeza hiyo. Ada haikushuka. Mgomo wa juma moja uliwaonyesha jambo ambalo walikuwa hawajalitamka: kila mmoja alikuwa na duka, lakini hakuna aliyekuwa na kura.

Baadhi yao hawakuishia kwenye malalamiko. Walikutana, wakaandika katiba, na mwezi Oktoba mwaka 2023 wakafungua soko la intaneti linaloitwa Artisans Cooperative, yaani ushirika wa mafundi, linalomilikiwa na wanachama wake. Isidhaniwe kwamba soko la ushirika halina gharama. Mitambo hulipiwa, na ada hutozwa huko pia. Tofauti ni kwamba mwenye kulipa ada ndiye mwenye kukaa katika mkutano unaoipanga, na ndiye mwenye haki ya kudai kuonyeshwa vitabu vya hesabu.

Historia hii si ngeni kwa wanaushirika. Mnamo tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa vitambaa, walifungua duka dogo lenye siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Ilikuwa jioni ya baridi, baada ya mapukutiko kama haya yaliyoelezwa. Nao walikuwa na mikono yenye ujuzi na bei iliyopangwa na wengine. Hawakuanza kwa mtaji mkubwa. Walianza kwa mizani ya kweli, kura moja kwa kila mwanachama, na hesabu iliyowekwa wazi.

Ndugu Wanachama, sasa irudiwe hoja ya msusi wa huku. Vikapu vya milulu vya Iringa, vyondo vya mkonge vya Kenya na mikeka ya ukindu ya pwani vyote hupendwa ng'ambo, na wakati wa kupendwa huko ndiyo miezi ile ya mwisho wa mwaka. Kwa Iringa majira yanaafikiana vizuri. Mavuno yakiisha, miezi ya kiangazi kuanzia Juni ni miezi ya kusuka, na mvua za kupandia huanza tena kuelekea mwisho wa Novemba. Lakini mzigo unaotakiwa dukani Novemba hauwezi kusukwa Novemba. Kikundi kinachopokea oda kwa pupa mwezi Oktoba kitawakuta wasusi wake wakiwa na kikapu mkononi siku ya mvua ya kwanza, na jembe likiwa limeegemezwa ukutani. Kikapu kimoja zaidi kisiuzwe kwa bei ya ekari isiyopandwa.

Kwa hiyo chama kinachotaka kuuza kwa intaneti na kitimize mambo manne kabla ya kupiga picha ya kwanza.

La kwanza, kila msusi aandike saa zake kwa kila kikapu, tangu kukata na kukausha milulu hadi kumaliza ukingo. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake jioni ile ile, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Bei ya chini kabisa ya kikapu ipangwe na mkutano kutokana na saa hizo, na asiwepo mwenye kuuza chini yake. Kikapu ambacho saa zake hazilipiki kisusiwe matumizi ya nyumbani, na soko lipelekewe aina nyingine.

La pili, fedha ya duka na fedha ya nyumbani visilale katika mfuko mmoja, wala katika simu ya mtu mmoja. Malipo yapokelewe kwa akaunti ya chama, na kila kifurushi kiwe na stakabadhi yake. Mkaguzi akikuta mauzo ya chama yamepitia simu ya katibu, hawezi kutenganisha shilingi ya chama na shilingi ya katibu, hata katibu akiwa mwaminifu kama malaika. Utaratibu huu humlinda katibu mwenyewe kwanza.

La tatu, kabla ya kujiunga na soko lolote, ada zake zote zisomwe mkutanoni kwa lugha inayoeleweka: ya kuweka bidhaa, ya kuuza, ya kupokea fedha, ya matangazo, na ya kubadilisha dola kuwa shilingi. Posta ipimwe kwa kikapu chenyewe juu ya mizani ya posta, wala isikadiriwe, kwani kikapu ni chepesi lakini hujaza nafasi.

La nne, mkutano uweke tarehe ya mwisho ya kupokea oda, na tarehe hiyo iheshimiwe hata mnunuzi akisihi. Shamba na jiko vina tarehe zao ambazo hazipangwi na mkutano wowote.

Mama wa Marekani aliyeyaacha matofaa yakaoza hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kazi kuliko majirani zake wote. Kilichompunguka ni ukurasa mmoja wa daftari wenye safu ya saa, na wenzake wa kuusoma pamoja naye. Safu hiyo yaweza kuchorwa leo kwa rula na kalamu katika kila chama kilichowakilishwa hapa. Makatibu wakirudi nyumbani na waichore, na mkutano ujao wa wanachama uanze kwa kuisoma.