Kesi ya Mtoto Hailipwi kwa Mbuzi



Leo sizungumzi juu ya kuku wala mkopo. Mtoto akinajisiwa, mara nyingi aliyefanya ni mtu tunayemjua, jamaa ama jirani. Basi wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wanatolewa, maneno yanazimwa. Mbuzi wanaliwa na wakubwa. Mtoto anapata nini? Kesho anakutana na yule mtu njiani akienda shule.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzee, wala chifu, wala hata mzazi, ruhusa ya kuifuta kesi hiyo. Ni ya serikali.

Sasa hapa msikilize sana. Usimwoshe mtoto, hata kama moyo unakusukuma. Nguo zake usifue. Zifunge kwa gazeti ama bahasha ya kaki, si kwa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia Ukimwi lazima ianzwe kabla ya saa 72 kwisha, yaani siku tatu, na wazee wetu huweza kujadili mbuzi wiki nzima! Polisi watatoa fomu ya P3, daktari aijaze. Ukikosa pa kuanzia, piga 116, haina malipo.

Najua nauli ndiyo hutushinda. Lakini kikundi kina pesa za mazishi. Hakiwezi kuweka kando nauli ya kumfikisha mtoto hospitali? Mweka hazina aliandike leo, kabla hatujafunga kwa maombi.