Kipupwe Kimeingia, Tuta Liko Wapi?

Msikilizaji, masika yamekwisha, maji ya Mto Lumemo yamerudi kwenye mkondo wake, na hapa Ifakara kila jicho liko kwenye mpunga unaovunwa. Nyuma ya nyumba, hata hivyo, ardhi bado ina unyevu, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kidogo ambayo mboga huipenda. Mchicha ukisiwa leo, baada ya wiki tatu au nne uko chunguni.

Kinachoniuma ni moshi. Tunachoma mabua ya mpunga shambani, kisha Septemba tunalalamika kwamba tuta limekauka. Yaleteni nyumbani! Tandaza mabua kuzunguka miche ya nyanya na bamia, unene wa kiganja, ukiacha nafasi kidogo shinani. Jua halitafika kwenye udongo, na ndoo moja ya maji itafanya kazi ya mbili. Kwa mama anayechota kisimani, hilo si jambo dogo.

Samadi iwe imeoza. Mbichi huunguza mizizi. Nyanya zimwagilieni asubuhi, shinani, kwa kuwa majani yakilala na maji kwenye baridi hii, bakajani huingia haraka.