Waya Ukutani

Msikilizaji, Machi 2012 Khadija Ismayilova, mwandishi wa habari wa Azerbaijan, alipokea bahasha iliyotumwa kutoka Moscow. Ndani mna picha zake za faragha, zilizopigwa kwa siri chumbani kwake, na ujumbe wa kumtaka atulie, la sivyo ataaibishwa. Khadija alikuwa mtu wa redio kama mimi, na kosa lake ni kuchimbua mali za familia ya Rais Ilham Aliyev.

Hakutulia. Aliitangaza bahasha ile yeye mwenyewe, na wiki moja baadaye video ikamwagwa mtandaoni. Akapekua kuta za nyumba yake, akakuta waya. Akamtafuta fundi wa simu, naye akakiri kwamba Julai 2011 aliagizwa na mkubwa wake avute laini ya pili katika nyumba ile. Mwanamke aliyedhalilishwa, jamani, ndiye anayefanya kazi ya polisi, anafuata waya kwa mikono yake! Waliopaswa kuufuata hawakuufuata ipasavyo, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema hivyo.

Nasimulia haya kwa sababu ya swali moja tulilolizoea. Picha ya mtu ikivuja hapa kwetu, tunakimbilia kuuliza: kwani alijipiga ya nini? Haya, Khadija hakujipiga. Alikuwa kwake, mlango umefungwa. Aibu wakambebesha yeye vilevile. Kwetu hata waya hauhitajiki. Anatosha mpenzi mliyeachana, au fundi uliyemwachia simu abadilishe kioo. Kisha kwenye group linaingia swali, "Nani ana koneksheni?" yaani nani anayo hiyo iliyovuja, na wanaoitikia ni watu tunaowaheshimu, wazazi wenzetu, viongozi wa jumuiya. Anayetaka kumnyamazisha mtu hawezi peke yake, anatutegemea sisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 imemkumbuka msambazaji: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, ama vyote viwili. Ukibonyeza kutuma, umo.

Khadija walikuja kumfunga Desemba 2014 kwa mashtaka mengine, akatoka Mei 2016. Lakini bahasha haikumfunga mdomo. Mei 2012, miezi miwili tu baada ya kuipokea, alitoa habari mpya: jinsi familia ya rais ilivyofaidika na ujenzi wa ukumbi wa mashindano ya Eurovision mjini Baku.